Faili Lililofunguliwa na Kliniki Nzima

Jumatatu, tarehe 4 Machi

Mama Mdogo mpendwa,

Shikamoo. Sisi huku tunasukuma siku. Ukiona herufi zangu zinalala usishangae, zimechoka kama mwenyewe. Nakuandikia barua kwa sababu simu yako kila nikipiga naambiwa haipatikani, na mimi jambo likinikaa kifuani siku mbili naumwa. Unanijua. Hapa kliniki wananiita Redio, na siwalaumu.

Ni macho ya dada yako. Ile presha ya macho imefika pabaya. La kushoto ndiyo basi tena, daktari amesema tulihesabu limepotea. La kulia lina mwanga kidogo, mtu anamwona kama kivuli nyuma ya pazia. Likipasuliwa mapema, kilichobaki kitaokolewa. Likichelewa, nalo litamfuata mwenzake. Sasa hiyo mapema ndiyo hatuipati, maana orodha ya upasuaji ni ndefu kama mdomo wangu.

Ngoja nikueleze inavyokwenda. Kila mgonjwa ana faili lake kwenye kompyuta. Mtu wa upasuaji akishindwa kuja, nafasi yake inapelekwa kwa anayefuata, na ndani ya faili la huyo anayefuata kuna kisanduku kinageuka kijani. Ukikibonyeza haraka, siku ni yake. Ukizubaa, kinazimika, kinahamia kwa mwingine. Basi Jumatatu iliyopita cha Mama kikawa kijani mbele ya macho yangu! Nikabonyeza. Kile kiduara kikaanza kuzunguka. Kinazunguka, kinazunguka, mimi nimeshika meza kama nazaa. Kilipotulia, kisanduku cheupe, siku ameshachukua mtu mwingine. Nilikwenda chooni nikalia, nikanawa uso, nikarudi dirishani pangu pa mapokezi nikasema, "Anayefuata."

Kesho yake nikajipanga. Nimewaomba wenzangu wote wafungue faili la Mama kwenye kompyuta zao, walisogeze pembeni, waliache wazi hivyo hivyo tangu tunaingia mpaka tunafunga. Mapokezi, dirisha la dawa, chumba cha miwani, kwa madaktari, mpaka kwa mhasibu. Kijani kikitokea, atakayeona kwanza abonyeze. Hakuna aliyekataa. Nesi wa Matone, yule anayewatia wagonjwa dawa ya kupanua mboni pale mlangoni, yeye ameandika namba ya Mama kwenye kiganja kwa kalamu. 2217. Anasema hanawi mpaka kieleweke, nikamwambia nesi gani hanawi mikono, tukacheka.

Ila kuna neno moja zito. Kitinda hajui lolote. Mama amekataa katakata mdogo wangu asiambiwe. Unakumbuka alivyoondoka kazini kwake kule kwa kwanza aje kumzika Baba, kurudi akakuta kiti chake kina mtu. Mama anasema hatakuwa yeye tena wa kumpotezea kazi. Na cha ajabu ni kwamba mfumo huu wa kompyuta wa kliniki yetu ndio anaoulea yeye huko aliko! Kampuni yao ndiyo yenye nao. Yaani mtoto anazichunga kompyuta zetu kutoka mbali na hajui mama yake yumo humo ndani.

Na aliyepewa kutunza siri hiyo ni mimi. Redio. Niombee.

Mwanao wa dirishani


Jumatano, tarehe 6 Machi

Dada,

Shikamoo. Samahani kwa kimya. Kazini simu tunaziacha mlangoni, na nikifika kwangu nakuwa sina maneno yaliyobaki. Barua pepe angalau naandika kidogo kidogo wakati mashine inafikiri.

Mfumo wenu unaniua. Tangu wiki iliyopita seva, ile kompyuta kubwa inayotunza mafaili yenu, iko kama mtu aliyebebeshwa friji kwenye ngazi. Kliniki imelalamika, na bosi amenipa mpaka mwisho wa mwezi: nisipoonyesha kinachouchelewesha, kazi inakwenda kampuni nyingine. Mfumo huo nimeushika peke yangu, kwa hiyo unajua nani ataondoka nao.

Kila mtu hapa ana dawa yake. Bosi anasema ikodishwe seva kubwa zaidi. Mwenzangu anasema ni mtandao wenu huko. Mimi nimechoka kubahatisha. Nitaingiza kipimo ndani ya seva, kikae humo programu ikiwa kazini, kiwe kinachungulia kila mara na kuandika: sasa hivi inafanya nini, na sasa, na sasa. Ni kama daktari anavyomfunga mtu kifaa cha moyo halafu anamwambia nenda kaendelee na shughuli zako. Mwishoni tunasoma muda wote umeishia wapi. Seva yenyewe sijawahi kuiona. Iko kwenye jumba fulani, katika nchi ambayo sijafika. Naipapasa tu kwa vidole kutoka hapa.

Nisaidie kitu kimoja. Niambie unachokiona ukiwa hapo dirishani. Ripoti za mkuu wenu zinasema "mfumo unakwenda taratibu", basi. Hiyo hainisaidii.

Mama hajambo? Mbona siku hizi tukiongea kwa video anaielekeza simu darini?

Kitinda


Ijumaa, tarehe 8 Machi

Kitinda wangu,

Marahaba, baba. Umekonda? Usiniambie hapana, nimesikia barua yako ilivyokonda.

Unataka ninachokiona? Haya, kaa chini. Mgonjwa anaingia, Nesi wa Matone anamtia dawa, mboni zinapanuka, haoni karibu, haoni mbali, anakaa kwenye benchi kama kuku wa mgeni. Kutoka hapo anatakiwa aingie kwa daktari aangaliwe nyuma ya jicho. Daktari anafungua faili. Halifunguki. Linazunguka. Anatoka kunywa maji, anarudi, linazunguka. Huku nje matone yanaisha nguvu, mboni zinarudi zilivyokuwa. Basi anatiwa tena! Kuna baba mmoja juzi ametiwa mara ya tatu, akamtazama Nesi akasema, "Mwanangu, mimi sikuja kuoga." Benchi zima likacheka, halafu likanyamaza ghafla, maana kila mtu alikumbuka zamu yake haijafika.

Daktari alikuwa anaona watu wengi kwa siku, sasa wengine wanarudishwa nyumbani wakiwa bado wamepanuka mboni. Mmoja alimuaga mlinzi kwa heshima zote, kumbe anaongea na mlingoti wa taa.

Kingine, asubuhi tukifungua tu, mfumo unakwenda vizuri. Kadiri wenzangu wanavyoingia na kuwasha kompyuta zao, ndivyo unavyolegea. Mchana umelala kabisa, hata ukiubembeleza. Sijui kama hiyo inakusaidia.

Wananitukana mimi, kwa kuwa uso wangu ndio uko dirishani. Nimezoea. Nawajibu kwa utani, nikirudi nyumbani navua viatu nakaa kitandani nikiwa na mkoba begani mpaka nikumbuke kuutoa.

Mama mzima. Anakula, anasema, hasa mimi ananisema. Jana kaniambia nimenenepa, kwa hiyo unaona mwenyewe kwamba anaona vizuri tu. Simu ndiyo mbovu, kamera yake inapenda dari.

Usilale na njaa.

Dada yako


Jumatano, tarehe 13 Machi

Dada,

Shikamoo. Asante kwa barua. Ile ya asubuhi na mchana imenisaidia kuliko ripoti zote, nimejua saa ya kuweka kipimo. Yule baba wa kuoga nimewasomea hapa, hata bosi amecheka, na bosi hacheki.

Nilidhani nitakuta mambo mengi yamegawana muda kidogo kidogo. Nimekuta moja. Seva karibu siku nzima inapunguza picha. Zile picha kubwa mnazowapiga wagonjwa nyuma ya jicho, inabidi zipunguzwe ndipo ziingie kwenye skrini. Sasa faili likiachwa wazi, linajisoma upya lenyewe kila baada ya sekunde chache, na kila likijisoma seva inachukua picha zote za huyo mgonjwa, tangu ya siku ya kwanza, inaanza kuzipunguza upya kana kwamba haijawahi kuziona. Aliyeiandika programu hakuwaza kwamba kuna mtu ataacha faili wazi kutwa.

Kasoro hiyo peke yake nisingekuandikia. Kilichonitoa jasho ni kwamba karibu zote ni picha za mgonjwa mmoja. Majina tumefichiwa, naona namba tu: 2217. Faili lake liko wazi kwenye kila kompyuta ya kliniki yenu, mnapofungua mpaka mnapofunga. Kila kompyuta, Dada. Mpaka kwa mhasibu! Mhasibu anatafuta nini nyuma ya jicho la mtu?

Bosi amefurahi mno. Anasema basi kasoro siyo ya programu, ni wafanyakazi wanaomchungulia mgonjwa, na kumchungulia mgonjwa bila kazi ni kosa. Anataka niandike hivyo kwenye ripoti, kliniki ipewe namba, waulizwe mmoja mmoja. Ikifika huko watu watafukuzwa. Nimemuomba anipe mpaka wiki ijayo.

Wewe unajua mpaka paka wa jirani amelala kwa nani. Ni nani huyu? Mtu mkubwa? Ana kesi? Wiki nzima nimemtukana huyu 2217, na sijui hata kama ni mwanamume au mwanamke.

Mama nilimpigia Jumapili. Dari yenu ina doa la maji, mwambie fundi.

Kitinda


Alhamisi, tarehe 14 Machi

Mama Mdogo,

Shikamoo. Sijui hata nianzie wapi. Ni sisi.

Jumanne kijani kilitokea tena. Nikasikia Nesi anapiga kelele mlangoni, "Kijani! Kijani!" Chumba cha miwani nao wanaitikia, wa dawa wanaitikia, daktari kaacha mgonjwa mdomo wazi. Kliniki nzima tumebonyeza kwa pamoja kama tunapiga makofi. Kiduara kikazunguka. Huyu anasali, huyu anang'ata kucha, mhasibu amesimama mlangoni kwake anasema "njoo, njoo, njoo" kama anayeongoza lori kurudi nyuma. Kikazimika. Kimekwenda kwa mwingine.

Jana usiku nikapata barua ya Kitinda. Amepima, amekuta kinachoilaza seva ni faili moja lililofunguliwa kila mahali. La Mama. Yaani kile tulichokuwa tunakifanya tusiikose nafasi ndicho kilichotukosesha. Na wale waliorudishwa nyumbani wiki hizi mbili, na yule baba aliyetiwa matone mpaka akachoka, vyote ni mimi na mdomo wangu. Nimesoma hiyo barua nimekaa, nikaisoma nimesimama, haikubadilika.

Leo nimewaambia wote wafunge. Mama Mdogo, mambo yakawa mepesi hapo hapo! Watu wanaitwa, wanaingia, wanatoka. Lakini sasa nimebaki nalo peke yangu, na nikiinuka tu kwenda kunywa maji, hakuna anayeangalia.

Na bosi wake Kitinda anasema tunamchungulia mgonjwa, tufukuzwe. Nesi wa Matone ana namba kiganjani mpaka leo. Nikimwambia Kitinda ukweli nimevunja neno la Mama. Nisipomwambia, wenzangu wanaondoka kwa ajili yangu. Mama mwenyewe jana kaniuliza, "Mbona unatembea kama umebeba ndoo?" Hanioni lakini miguu yangu anaisikia.

Nifanyeje?

Mwanao


Jumamosi, tarehe 16 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Barua zako mbili zimenifikia siku moja. Nilianza na ya pili nikaogopa, nikasoma ya kwanza nikaogopa zaidi. Simu yangu iliingia maji, usiipige tena, inakupotezea muda.

Dada yangu ndivyo alivyo tangu utotoni. Aliwahi kuvunjika mkono akaendelea kufua kwa mmoja mpaka jioni, eti tusikose kwenda harusini. Sitakuambia uvunje neno lake, maana nitakutana naye na mdomo wake unaujua.

Ila nisikilize. Yeye amekukataza usimpe Kitinda habari za mama yake. Hakukukataza kumjibu mtu wa kompyuta swali la kazi.

Mjibu.

Mama yako Mdogo


Jumatatu, tarehe 18 Machi

Kwa mtu wa kompyuta,

Umeuliza kikazi, nakujibu kikazi.

Namba 2217 ni mama mmoja mtu mzima. Siyo mkubwa wa chochote na hana kesi na mtu, labda na mimi. Ana presha ya macho ya miaka mingi, ndiyo maana picha zake zimejaa. Jicho moja limekwenda. La pili linasubiri nafasi ya upasuaji, na nafasi ikitokea inabidi ibonyezwe haraka. Kwa hiyo hakuna anayemchungulia. Watu walikuwa wanamsubiria tu kijani. Mwenye kosa ni mfanyakazi mmoja wa mapokezi, mwanamke, ana maneno mengi. Ndiye aliyewaomba wenzake. Kama lazima mtu afukuzwe, afukuzwe huyo, wengine wamemhurumia tu. Ukweli ni kwamba hakujua anaulemea mfumo. Alidhani akiongeza macho ataongeza bahati.

Kwa kuwa umeuliza ni mtu gani, nikueleze. Huyo mama anajifanya anaona. Nyumbani kwake hakuna kiti kinachosogezwa, maana amevikariri. Anaonja kwa ncha ya kidole kujua hii sukari au chumvi, akidhani hatumwoni. Akiingia mtu anamwambia umenenepa, kwa kuwa nani atabisha? Ana mtoto wa kiume, yuko mbali, hajaambiwa. Amekataza yeye mwenyewe, kwa hofu kwamba mtoto ataacha kazi akimbilie nyumbani, akose kazi kama alivyokosa zamani. Siku ya kupigiwa simu ya video na huyo mtoto, anavaa gauni lake zuri, anachana nywele, anaishika simu kwa mikono miwili na kuielekeza pale anapodhani uso wake upo.

Hayo ndiyo ninayoyajua kuhusu faili hilo.

Wako kikazi,
Mapokezi


Jumanne, tarehe 19 Machi

Dada,

Anaielekeza darini.

Jina sijaliuliza kwa mkuu wenu na sitaliuliza. Sina haja.

Wiki nzima nimekaa na faili hilo. Nimeziona picha zake zikipita, siyo picha zenyewe, uzito wake tu, kila moja na tarehe yake. Ya kwanza ni ya mwaka ule nilioondoka. Halafu kila baada ya miezi kadhaa nyingine, halafu zinakaribiana, zinakaribiana. Nilikuwa naziangalia nikisema huyu mtu ni msumbufu gani.

Nimekukasirikia. Nimemkasirikia yeye. Nimechoka mno, hata kukasirika vizuri siwezi, kwa hiyo tuiache kwanza, nitaendelea nikipata nguvu.

Ripoti nimeandika hivi: kufungua faili la mgonjwa anayesubiri nafasi ni kazi halali ya kliniki, na programu inatakiwa kuibeba kazi hiyo. Kasoro ni yetu. Picha zilitakiwa zipunguzwe mara moja, zihifadhiwe, basi. Bosi aliniuliza, "Na wafanyakazi?" Nikamwambia kipimo changu kinapima programu, watu hakiwajui. Nimesaini jina langu.

Marekebisho nimeyaweka leo. Lakini sitaamini mpaka nione yamebebeshwa mzigo wenyewe. Alhamisi asubuhi wafungue tena faili hilo. Wote, kila kompyuta, waliache wazi. Mimi nitakuwa napima huku.

Na Mama mwambie najua. Nikimwambia mimi ataelekeza simu sijui wapi.

Kitinda


Alhamisi, tarehe 21 Machi

Kitinda wangu,

Tumefungua wote. Nesi wa Matone alipita chumba kwa chumba kama mkaguzi. Na linafunguka kabla sijatoa kidole! Mimi nimekaa nasubiri lizunguke kwa mazoea, kumbe limeshamaliza linaniangalia. Wagonjwa wametiwa matone mara moja, wameingia, wametoka, saa nane benchi tupu. Tukabaki tunatazamana, hatujui watu wasiochelewa wanafanya nini mchana. Mimi nililala kwenye kiti. Dakika chache tu, lakini nililala.

Mama nimemwambia. Nilimkuta anachambua mboga kwa vidole, nikasema, "Kitinda anajua." Hakuinua kichwa. Akaendelea mpaka jani la mwisho. Halafu akasema, "Redio." Basi. Tangu hapo haongei na mimi, isipokuwa agizo moja nikupe kama lilivyo: "Mwambie asithubutu kuja. Jicho ni langu, kazi ni yake."

Sasa nikuulize, na usinijibu kwa hasira. Daktari kamwona jana, anasema tusivuke mwezi ujao. Wewe si uko ndani kabisa ya hiyo seva? Huwezi kumsogeza Mama juu kidogo tu? Ni namba, hakuna atakayejua. Mimi sitasema, na ukicheka hapo nakuelewa.

Dada yako


Ijumaa, tarehe 22 Machi

Dada,

Shikamoo. Nimecheka.

Naweza. Nimeangalia. Ni mstari mmoja wa kuandika, haumalizi hata pumzi. Jana niliuandika, sikuubonyeza, nikakaa nao mpaka wafagiaji wakaniomba niinue miguu. Mbele ya Mama kuna namba chache. Sijui ni akina nani. Nilimtukana 2217 kwa sababu sikumjua, na sasa nataka kuwafanyia wengine vibaya zaidi kwa sababu hiyo hiyo. Nimeufuta. Usiniombe tena, maana mara ya pili sijui.

Ila mnavyokwenda sasa, daktari atawamaliza watu haraka na orodha itashuka yenyewe. Na safari hii kijani kikija, kitabonyezeka. Hilo nakuahidi, hilo ni la kwangu.

Agizo la Mama nimelipata. Leo nimemuuliza bosi, "Seva iko wapi?" Akanitajia hiyo nchi. Nikamwambia nikikaa hapa iko mbali, na nikikaa kwetu iko mbali vilevile. Sioni inajua vipi tofauti. Akasema kampuni haifanyi hivyo. Nikamwambia nami sijawahi kuomba. Mwisho amenipa mwezi mmoja, nifanyie kazi huko, na siku mfumo ukilegea nisisumbuke kurudi. Amesema mbele za watu, kwa hiyo hatanii.

Hiyo ya mwisho usimwambie Mama.

Kitinda


Jumatano, tarehe 3 Aprili

Mama Mdogo mpendwa,

Shikamoo. Nakuandikia nikiwa nimekaa kwenye benchi la wagonjwa, nje ya chumba cha upasuaji. Miaka yote ninaliona benchi hili kutoka dirishani, sikujua kwamba ni gumu hivi.

Kijani kilikuja Alhamisi. Kilichobonyeza ni kidole cha mhasibu, na hatutasikia la mwisho, anatembea kama amefunga bao. Hakuna kilichozunguka. Ikaandikwa tu siku ya leo na jina la Mama pembeni. Nesi amenawa mikono.

Kitinda alifika Jumamosi. Mama alikuwa amekaa sebuleni, akasikia mlango, akasema, "Huyo siyo Redio, huyo anavua viatu." Mtoto kasimama, amekonda, ana begi la kompyuta tu na nguo mbili. Nikadhani watalia wote wawili. Mama kamwambia, "Nilikukataza. Umekuja kufanya nini?"

Akamjibu, "Nimekuja kazini, Mama."

"Kazi gani iko hapa?"

"Kuangalia seva."

Mama akafikiri. "Kaa basi ufanye kazi."

Na kweli, Mama Mdogo, siku zote hizi anafanya. Amekaa karibu yake anabofya, Mama anasikiliza vile vitufe. Hawaongei sana. Lakini vidole vikisimama tu, hata akiwa anajikuna, Mama anageuza shingo: "Wamekufukuza?"

"Bado, Mama."

"Fanya kazi."

Usiku nilimuuliza Kitinda pembeni kama ana uhakika na huyo bosi. Akasema hana uhakika na kitu, amechoka, lakini ni mara ya kwanza amechoka akiwa amekaa kitako. Sikumuelewa, nikamuwekea chakula.

Leo asubuhi tumekuja wote watatu. Kitinda alikaa kati yetu hapa, kompyuta mapajani, anapima, maana Jumatano wagonjwa ni wengi na alikuwa na wasiwasi. Mama amevaa lile gauni lake zuri. Wakaja na kiti cha magurudumu, wakamwita. Kitinda akasimamisha vidole, akaifunga kompyuta, akampa mkono.

Mama hakuushika. Aligeuza uso upande ule sauti ya vitufe ilikokatikia.

"Wamekufukuza?"

"Bado."

"Kwa hiyo umeacha mwenyewe?"

"Nimeacha kidogo, Mama. Nikupeleke mpaka mlangoni."

Akakaa anapima hilo jibu. Yule wa kiti anasubiri, Nesi amesimama na matone yake mkononi. Halafu Mama akaupapasa ule mkono mpaka akaupata.

"Mpaka mlangoni tu," akasema. "Halafu urudi kazini."

Wamekwenda. Amerudi, amekaa, amefungua kompyuta. Anabofya kwa nguvu, Mama Mdogo, kwa nguvu kabisa, anaupiga ule mlango wa chumba cha upasuaji kwa sauti ya vitufe ili mtu aliye ndani asikie.

Mwanao